Mgumu wa Märsta

Märsta, Jumapili, 2 Februari 2025

Mjomba Goodluck,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine hiyo hapo, maana najua ya kwanza hukuisikia!

Sisi wazima huku. Mama analalamika magoti lakini jana kacheza harusini mpaka viatu vikakatika, kwa hiyo usimwonee huruma. Naandika kwa mkono kama unavyotaka, napiga picha karatasi, natuma kwenye simu ya binti yako. Usiucheke mwandiko, nimezoea kuandika kwa dole gumba.

Sasa sikia. Tunakwenda kwenye barafu! Siyo hii ya barabarani, hii naikanyaga kila siku nikienda kazini. Nasema mto wa barafu, mlima mzima unaotembea kidogo kidogo, na chini yake kuna pango. Nililiona kwenye jarida, nikiwa nasafisha ndege pale uwanjani Arlanda, mtu kaliacha kwenye mfuko wa kiti. Mjomba, buluu ile! Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Tangu siku hiyo nimesoma kila kitu. Kila video nimeitazama, hata za Kijapani ambazo sielewi neno. Ukutani jikoni nimebandika ramani, mama anasema nyumba imekuwa ofisi ya jeshi.

Ni mbali kwa treni, kaskazini kabisa, halafu basi mpaka karibu na mpaka wa Norway. Lakini kutembea kwenyewe ni kilomita tatu na nusu tu kutoka barabarani mpaka mlangoni pa pango. Tarehe 22 Machi, wakati baridi bado inashika dari vizuri. Tunakwenda kumi na moja, wote wa kikundi chetu cha Jumapili cha Jakobsberg, wale tunaobaki baada ya ibada kunywa chai na kuongea Kiswahili: Wakenya, Warundi, Wakongo, na mimi Mtanzania peke yangu.

Kwenye ukurasa wa njia ile wanashauri mchukue kiongozi mwenye cheti. Nimesema hapana. Mjomba, tumeongozwa vya kutosha huku. Tunaongozwa namna ya kutenganisha takataka, namna ya kupanga foleni, namna ya kufulia nguo. Nataka siku moja, moja tu, watu wetu wafike mahali wakiongozwa na mtu wao. Mimi nitakuwa mbele, na nyuma yangu uko wewe. Miaka ishirini na sita Kilimanjaro!

Unakumbuka siku naondoka Marangu? Nina miaka tisa, nimejificha bandani kwa ng'ombe, sitaki kwenda nchi ya baridi. Ukaingia, ukakunja mkono wa shati, ukasema: "Mjomba wako ameishika barafu ya Kibo kwa mkono huu. Haiumi." Siku ya kwanza nashuka hapa nilivua glovu nikashika theluji kabla ya kitu kingine chochote. Iliuma! Lakini sikulia.

Basi nifundishe. Kila kitu.

Mpwa wako asiyetulia,
Dafrosa


Marangu, 11 Februari 2025

Mpwa wangu Dafrosa,

Marahaba mbili, zote zimefika.

Nimesoma barua yako mara tatu na miwani ya shangazi yako, maana yangu imekaliwa na mtu ambaye hataki kujitaja. Haya, andika.

Kwanza, pima mizigo. Getini kwetu pana mizani, kila mzigo unapimwa kabla mtu hajapiga hatua. Mgeni akiulizwa kila kitu ni cha lazima. Nimewahi kubeba pasi ya nguo, Dafrosa. Pasi! Mpaka mita elfu tatu na mia saba, hakuna hata umeme wa kuichomeka. Usiwaulize wamebeba nini. Fungua, toa, weka chini, pima.

Pili, anayetembea polepole kuliko wote ndiye anakaa mbele. Ukimweka nyuma atajiua kukimbiza wenzake na hatasema.

Tatu, soksi za sufu, na jozi nyingine kavu ndani ya nguo, juu ya ngozi. Za pamba waache nyumbani. Mtu akishikwa na baridi, mgeuze mgongo upande wa upepo, na miguu yake iweke tumboni kwako, siyo kwenye moto.

Nne, wale kabla hawajasikia njaa. Ukingoja waseme "nina njaa" umechelewa nusu saa.

Kuhusu barafu yenyewe nitaandika siku nyingine, binti anaitaka simu yake. Huyo mwenye cheti mfikirie tena.

Mjomba wako,
Goodluck


Märsta, 16 Februari 2025

Mjomba!

Nimepima! Leo, nyumbani kwa Whitney pale Rissne, kwa mizani yake ya bafuni. Whitney ni rafiki yangu Mkenya, tunafanya kazi zamu moja, yeye ndiye karani wa safari. Nilisema kilo saba, basi. Walifikiri natania.

Mama Magdalene, Mkongo wetu, begi kilo kumi na tisa. Nafungua: sufuria. Ndani ya sufuria, sufuria nyingine.

"Mama, hii ya nini?"

"Ya wali. Na hii ndogo ya sombe, kisamvu chenu. Mon Dieu, watu kumi na moja watakula theluji?"

"Mama, ni kilomita tatu na nusu."

"Kumbe ni karibu! Basi niongeze na samaki."

Kariuki sasa. Huyo anaendesha basi, sauti kama spika, kila hadithi yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Begi lake: suti. Suti ya bluu, mjomba, imekunjwa kwenye nailoni, na viatu vya kuchongoka. Eti apige picha pangoni, aitume kwao Nyeri, waone.

"Dafro, wewe hujui mambo. Bluu juu ya bluu!"

"Utakufa ukiwa umependeza."

"Si ndiyo vizuri, hawatahangaika kunivisha!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini suti imebaki. Sufuria zimebaki. Mzee Vénant, Mrundi, alikuwa mwalimu wa shule, goti lake bovu, nimemwambia atatangulia mbele ya wote. Akavua kofia, akaivaa tena. Sijui ni asante au nini.

Nimenunua na misumari ile ya kufunga chini ya viatu, hapa inaitwa broddar, na kila siku baada ya kazi nafanya mazoezi ziwani. Nimeanguka mara sita tu.

Sasa barafu. Maswali matatu, na haya sitaki uyaruke. Moja: ukiwa ndani, barafu inalia vipi kabla haijaachia? Video zinasema kila moja lake. Mbili: rangi gani ni salama, buluu au nyeupe? Tatu: dari likidondosha maji, naingiza watu au nawatoa?

Leo nimewaambia wote kwamba sina cheti ila nina mjomba aliyeishika barafu ya Kibo, na ananifundisha. Kumi wamenyoosha mikono. Wamekubali! Bila kiongozi. Nilisimama pale sebuleni kwa Whitney najihisi nimekua futi mbili.

Dafrosa


Marangu, 24 Februari 2025

Dafrosa,

Umefanya vizuri kuhusu mizigo. Sufuria mbili! Ningempenda huyo mama.

Chukueni kiongozi.

Mjomba


Märsta, 25 Februari 2025

Mjomba,

Siku nane nangoja, halafu maneno mawili?

Hata wewe? Kazini wananiambia usiguse mashine hii mpaka upewe kozi. Naomba kozi, wananiambia mpaka mwakani. Mama ananiambia ongea taratibu. Kila mtu ana sababu kwa nini Dafrosa angoje kidogo. Nilidhani kuna mtu mmoja duniani haniambii ningoje.

Kama unaona siwezi, sema siwezi. Kama unaona naweza, nijibu maswali matatu. Treni tumeshapata, watu wameomba likizo, Mzee Vénant anapanda na kushuka ngazi za metro kila siku kuzoeza goti lake. Mimi naingia pangoni nao tarehe 22 na nitatumia utakachoniambia. Usipojibu nitatumia video.

Dafrosa


Marangu, 2 Machi 2025

Mpwa wangu,

Binti yangu nimemtuma dukani ili niandike peke yangu.

Maswali yako siwezi kuyajibu. Sijui barafu inalia vipi. Sijui rangi. Sijui maji yakidondoka mtu anafanya nini. Sijawahi kuishika, Dafrosa.

Mimi ni mpagazi. Sisi wenyewe tunaitana wagumu. Kazi yetu inaishia Kibo Hut, nyumba ya mawe iliyo chini ya kilele. Pale mgeni anapumzika, anaamka, anakwenda juu na kiongozi. Mgumu anabaki. Anachemsha maji, anasugua sufuria, anafunga mizigo, anangoja. Wakirudi anabeba, anashuka nao. Barafu niliiona juu ya ukingo miaka ishirini na sita, kama mtu anavyoiona nyumba ya mkubwa akiwa barabarani. Mtihani wa kiongozi nilifanya mara mbili. Sikufaulu.

Hapa Marangu kila mtu analijua hilo, sijamdanganya mtu. Ni wewe tu. Siku ile bandani ulikuwa umeshikilia shingo ya ndama, huachii, gari linapiga honi, mama yako analia. Nilitafuta neno la kukutoa pale. Hilo ndilo lililokuja. Niliona umemwachia ndama ukanishika mimi mkono, nikasema basi, ni neno dogo, atasahau.

Hukusahau. Kila barua umelirudisha. Na mimi nilipenda kulisoma, hilo nalo acha niliandike.

Lakini sasa umelishikilia wewe na watu kumi nyuma yako, mnataka kuingia nalo chini ya mlima. Bora uniite mwongo nikiwa nakusikia. Usiingie na neno langu. Tafuta mtu anayeijua barafu hiyo.

Goodluck


Märsta, 13 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Najua siku kumi na moja ni nyingi. Siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Siku mbili nilikuwa na hasira na ndama. Zilizobaki nilikuwa naona aibu, siyo yako, yangu, maana nilijiuliza: kwa nini sikutaka kusikia? Barua yako ya kwanza uliniambia kila kitu ulichonacho na ukaruka barafu. Mtoto wa darasa la pili angeona.

Nimempigia kiongozi. Anaitwa Mikael, amezaliwa kulekule kaskazini. Akaniuliza uzoefu wa kikundi. Nikasema sifuri. Akauliza tuna vifaa gani. Nikamsomea: kilo saba kila begi, limefunguliwa na kupimwa, soksi za sufu jozi mbili, jozi moja mwilini, anayetembea polepole kuliko wote mbele, chakula kila dakika arobaini. Akasema kwa miaka yote hajawahi kupewa kikundi ambacho mtu ameshawapimia mabegi. Akasema yeye atakaa na barafu, mimi nikae na watu. Nimekubali.

Halafu ilibidi niwaambie wa Jakobsberg. Jumapili, wamekaa na chai yao. Nilisimama nikasema: nimewaambia mjomba wangu ameishika barafu. Hajaishika. Yeye ni mpagazi. Na safari tutakwenda na kiongozi.

Kariuki yuleyule: "Kumbe! Mjomba ni hamali tu?"

Mjomba, damu ilinipanda. Nikamwambia, "Kariuki, hamali huyo ndiye aliyetoa suti yako begini. Amebeba kilo ishirini mpaka mita elfu nne na mia saba, mara mia na mia. Wewe uliposhindwa na ngazi za Rissne, begi lako nani alilibeba? Mimi!"

Watu wakaangua kicheko, hata yeye. Mzee Vénant akainua kikombe chake, akasema kwa ile sauti yake ya darasani: "Mimi mambo ya barafu sikuyafuata. Niliposikia kuna mtu huko mbali amesema mwenye goti atangulie, ndipo nikanyoosha mkono."

Hakuna aliyejitoa. Kumi walewale.

Nilikuwa nataka kusema "mjomba wangu kiongozi". "Mjomba wangu mgumu" inatamkika vizuri zaidi.

Dafrosa


Märsta, 25 Machi 2025

Mjomba,

Tumerudi! Wote, na vidole vyote, nimevihesabu!

Nianze wapi. Hewa ilikuwa kavu inakata pua, jua kama kioo. Mzee Vénant mbele nyuma ya Mikael, hatua, hatua, hatua, hakusimama hata mara moja. Mama Magdalene anaimba. Mimi nyuma kabisa, nikiokota glovu za watu. Baada ya mwendo wa saa mbili na dakika kumi tukafika mlangoni. Mikael akaingia peke yake kwanza, akagonga dari na fimbo yake, akasikiliza, akarudi. Akasema ni salama, lakini jua linapanda, dakika ishirini, halafu tunatoka na hatuingii tena.

Watu wanavaa kofia ngumu. Kariuki ananiangalia anacheka. Namwambia funga mkanda wa kidevuni. Anacheka. Naangalia vidole vyake vinapapasa ule mkanda kama siyo vyake. Nainama, navuta suruali yake juu: amevaa soksi nyembamba za suti, mjomba! Ndani ya viatu vilivyolowa. Alibadilisha kwenye basi, eti zinakaa vizuri kwenye picha. Namuuliza leo siku gani, anasema "siku ya picha," na ulimi mzito.

Nikamwita Mikael. Akamwangalia, akaniangalia mimi. Akasema: ama tunageuka wote sasa hivi, ama mtu anayejua la kufanya abaki naye hapa kwenye jua, wengine waone haraka, tushuke. Mzee Vénant alikuwa ameshasimama pale mlangoni, ameunyoosha mkono kuelekea ukuta wa buluu.

Nikasema nabaki.

Nikamlaza juu ya mabegi, mgongo upande wa upepo. Viatu nje, soksi nje. Soksi zangu kavu zilizokuwa tumboni nikamvisha mikononi, miguu yake nikaiingiza chini ya koti langu, juu ya tumbo langu mwenyewe. Mjomba, ilikuwa kama kukumbatia samaki wawili wa kwenye friji! Chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo.

Ukweli: dakika tano za kwanza nilimchukia. Nasikia huko ndani Whitney anapiga kelele "Wee! Wee!" Nasikia Mama Magdalene ameacha kuimba ghafla, halafu anasema jina la Mungu polepole. Nasikia Mzee Vénant anacheka, mtu ambaye miaka minne sijamsikia akicheka. Na mimi hatua kumi na tano kutoka pale, nimekumbatia miguu ya dereva.

Kariuki akaanza kutetemeka, ndipo nikajua joto linamrudia. Akaanza kulia. "Dafro, nimekuharibia."

"Nyamaza, unapoteza joto."

"Nenda uone hata dakika moja."

"Vidole vyako vinasemaje?"

"Vinauma."

"Vizuri. Viache viume."

Wakatoka. Nikawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, na nyuso zao, mjomba, kama watu waliotoka kubatizwa. Mikael akashika vidole vya Kariuki, akavikagua, akasema atashuka kwa miguu yake mwenyewe. Na akashuka, bila mzigo. Wake nilibeba mimi juu ya wangu.

Kwenye treni nikiwa nakuandikia nilianza hivi: "Ndani ni buluu kama..." Niliandika mistari sita, mizuri sana, Whitney alinipa maelezo yote. Halafu nikachana. Sikuingia, mjomba. Nilifika mlangoni na sijui ndani pakoje. Sasa uniulize najisikiaje. Najisikia mrefu kama mnara wa Arlanda!

Mikael ameniandikia. Anataka nipande naye tena Aprili, na kikundi cha watu asiowajua. Kazi ileile ya nyuma. Nimesema ndiyo kabla sijamaliza kusoma.

Nakutumia picha aliyopiga Whitney alipotoka pangoni na kutupita. Nywele zangu usiziangalie.

Mgumu wa Märsta,
Dafrosa


Marangu, 2 Aprili 2025

Dafrosa,

Picha nilimpa kijana wa stendi anitolee kwenye karatasi kubwa. Nimeipeleka kwenye kibanda cha kahawa karibu na geti, wanapokaa wazee wa kazi yetu. Niliiweka mezani tu.

Walisogea wote. Pango liko nyuma yako, kubwa, linang'aa, na hakuna hata mmoja aliyeliuliza. Mmoja akaonyesha mgongo wa yule bwana, akasema kageuzwa upande wa upepo, sawa. Mwingine akasema miguu iko tumboni, siyo kwenye moto, sawa. Akasema kikombe anashika binti, hakumwachia mgonjwa, sawa. Maina, Mkikuyu aliyeolea hapa, huyo hajawahi kumsifu mtu, akaishika picha karibu na jicho, akasema mkanda wa begi la kushoto umelegea. Nikamwambia hilo abaki nalo mwenyewe.

Halafu wakataka kujua binti huyu wa Ulaya amefundishwa na nani.

Nikaagiza kahawa nyingine. Nikawaacha wakisie wenyewe.

Goodluck,
mpagazi